Mtindi Uliokataa Kuganda

Mara ya kwanza mtindi ulipokataa kuganda, Mama Vikombe alijilaumu mwenyewe. Mara ya pili alilaumu baridi. Mara ya tatu akaanza kuwatazama watu.

Jina hilo alipewa na wauguzi wa zahanati ya mtaa wa pili, kwa sababu kila siku ya kazi, saa nne kamili, alifika pale na kikapu cha vikombe vya mtindi vyenye vifuniko vyeupe. Akitoka hapo alipitia duka la shule, kisha akarudi nyumbani. Mtindi aliutengenezea katika chumba kidogo nyuma ya jiko, kilichokuwa stoo kabla mumewe, fundi wa majokofu, hajamwekea meza na jokofu kuukuu alilolifufua mwenyewe.

Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi, muuza maziwa alipofika na baiskeli yake. Huyu watu walimwita Bwana Povu, kwa mtindo wake wa kumimina maziwa kutoka juu mpaka ndoo ionekane imejaa kabla haijajaa. Mama Vikombe aliyachemsha kwa moto mdogo huku akiyakoroga yasishike chini, akayaacha yapoe mpaka aweze kuchovya kidole na kuhesabu kumi bila kukitoa. Hapo ndipo alipotia mbegu, yaani mtindi kidogo wa siku iliyotangulia, aliokuwa akiutunza kwenye kibakuli cha kioo. Alimimina vikombeni, akavipanga kwenye sanduku la mbao, akalifunika kwa blanketi. Saa kumi alasiri alifunua. Mtindi mzuri haukutikisika hata ukiinamisha kikombe.

Miaka miwili mambo yalikwenda hivyo. Sasa aliinamisha kikombe na kikamwaga kitu chembamba, vuguvugu, chenye harufu isiyo ya maziwa wala ya mtindi. Kesho yake uliganda vizuri. Siku mbili baadaye, maji tena.

"Hakuna kitu kinachoharibika chenyewe, shoga," alisema jirani yake, mshona mapazia, siku aliyokuja kuchukua vikombe vyake akavikosa. Aliketi kwenye kibaraza, futi yake ya kupimia ikiwa shingoni. "Humu ndani mko wangapi siku hizi?"

"Mimi, mume wangu, mabinti wawili. Na wifi."

"Na wifi," jirani alirudia, akinyanyuka. "Haya. Mimi sijasema kitu."

Alikuwa amesema kila kitu.

Wifi, dada mdogo wa mumewe, alikuwa amefika miezi mitatu nyuma na sanduku moja, baada ya ndoa yake kuvunjika. Hakuwa mtu wa maneno. Kabla ya hapo alishafuga kuku wakamfia wote kwa wiki moja, akafungua saluni sebuleni kwake, nayo ikafa mteja alipounguzwa kichwa na dawa ya nywele. Hadithi hizi ukoo mzima ulizijua, na kila zikisimuliwa kuna aliyecheka. Wifi mwenyewe alikuwa akitazama chini mpaka kicheko kiishe.

Mama Vikombe alianza kumchunguza. Akaona kwamba wifi akiwa na kijidaftari chake cha jalada la bluu na mtu akiingia, hukifunga. Akaona kwamba blanketi la sandukuni, alilolikunja mwenyewe pembe kwa pembe, akirudi kutoka zahanati hulikuta limekunjwa vingine. Siku moja kijiko cha stoo kilikuwa na unyevu, na yeye alikuwa amekiacha kikavu. Akachukua kalamu akachora mstari kwenye kibakuli cha mbegu, pale mbegu ilipofikia. Aliporudi, mbegu ilikuwa chini ya mstari.

"Dada yako anaingia stoo nikiwa sipo," alimwambia mumewe wakati wa chakula.

"Stoo haina mlango. Nani haingii?"

"Mbegu imepungua."

Mumewe aliweka kijiko chini. "Mke wangu, mimi jokofu likiharibika huwa siulizi nani kaliroga. Nakagua waya."

"Basi kakague waya za dada yako."

Jumamosi iliyofuata, kabla ya kutoka, alifunga uzi mwembamba mweusi kuzunguka sanduku, fundo likiwa upande wa ukutani. Aliporudi saa tano, uzi ulikuwa umekatika. Alisubiri mpaka saa kumi bila kumwambia mtu. Akafunua sanduku. Vikombe arobaini, vyote maji.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa amekuja kuwatembelea, na mshona mapazia naye alikuwepo kibarazani. Mama Vikombe hakungoja wageni waondoke. Alitoka na kikombe kimoja mkononi na kipande cha uzi.

"Wifi, leo umefungua sanduku langu?"

Wifi alikuwa akimmenyea mama yake chungwa. Kisu kilisimama. "Nimefungua."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

Wifi alirudisha macho kwenye chungwa.

"Mbegu yangu inapungua, blanketi linafunuliwa joto linatoka, mtindi unakufa. Zahanati wameniambia wakikosa tena watatafuta mtu mwingine. Duka la shule wameshatafuta. Nakuuliza mbele ya mama yako, ulikuwa unatafuta nini humo?"

"Sijaharibu kitu," wifi alisema kwa sauti ndogo.

"Mwizi na mharibifu ni ndugu!"

Neno hilo lilipotoka, mshona mapazia aliinamia futi yake kama anayetafuta namba iliyofutika. Mama mkwe alishika shavu. Mume alisema, "Mama watoto, basi," lakini alisema akiwa ameketi, na wifi aliliona hilo pia. Aliweka chungwa kwenye sahani, akaingia ndani. Jua lilipozama alikuwa ameshakwenda kwa shangazi yake, ng'ambo ya soko, na sanduku lake lilelile moja.

Jumatatu mtindi uliganda. Jumanne ukaganda. Jumatano uliganda mpaka kijiko kilisimama wima.

"Si nilikwambia?" alisema mshona mapazia.

"Ulisema hujasema kitu," Mama Vikombe alimjibu, lakini alitabasamu. Mumewe hakutabasamu. Alikuwa akila na kutoka, akila na kutoka.

Alhamisi, saa kumi alasiri, Mama Vikombe alifunua blanketi huku akiimba. Akainamisha kikombe cha kwanza, maji yakamtiririkia kwenye kiganja.

Alikaa sakafuni. Uzi aliokuwa ameendelea kuufunga kwa mazoea ulikuwa mzima, na fundo lilikuwa mahali pake.

Ungedhani shaka ingemtoka hapo. Haikutoka, ilitafuta tu pa kwenda. Aliwashuku mabinti zake, akawahoji mmoja mmoja kama hakimu mpaka mdogo akalia. Akamshuku mshona mapazia, ambaye dirisha lake lilitazama stoo. Halafu shaka ikamwendea Bwana Povu, na hapo Mama Vikombe akajiona mjinga kwa kuchelewa. Akaazima kipimo cha maziwa, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kukuonyesha kama maziwa yametiwa maji, akakichovya kwenye ndoo mbele ya mwenyewe.

"Miaka yote hii," Bwana Povu alisema, mikono kiunoni, "leo unanipima kama mgonjwa?"

"Kama huna homa, unaogopa nini?"

Kijiti kilielea pale panapotakiwa. Maziwa hayakuwa na maji. Bwana Povu alipanda baiskeli bila kuaga, na asubuhi mbili zilizofuata aliupita mlango wao kama haujui.

Wauguzi walimsikiliza Mama Vikombe kwa upole alipokwenda kuwaambia kwamba anasimamisha biashara mpaka ajue tatizo. Muuguzi mkuu, mama mnene mwenye miwani, alimwambia, "Afadhali umesema. Tulishaanza kuulizana unatuletea nini." Maneno hayo alitembea nayo njia nzima. Kumbe wakati yeye anawachunguza wengine, wengine walikuwa wanamchunguza yeye. Hata alipokuwa akimwaga vikombe vilivyoharibika kwenye mtaro, aliona mapazia ya majirani yakisogea.

"Pumzika," mumewe alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa siku nyingi. "Biashara si ndoa, kwamba lazima uivumilie. Kuna watu wanatafuta wapishi."

"Nikiacha sasa hivi, nitakuwa nimemfukuza dada yako bure na biashara nimeikosa. Niache nijue kwanza."

Mumewe aliinuka. Kisha akaenda kwenye kisanduku chake cha vifaa akarudi na kipimajoto anachotumia kwenye majokofu. "Kidole si kipimo," alisema. "Na ukibadilisha, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kilikuwa kibovu."

Akaanza. Kila siku vikombe sita tu. Bwana Povu alirudi baada ya kuombwa radhi mara mbili, ila alimimina akiwa amegeuza uso. Wiki ya kwanza Mama Vikombe alibadilisha sufuria. Wiki ya pili alibadilisha vikombe, akavichemsha na vifuniko vyake. Wiki ya tatu alibadilisha blanketi, akahamisha sanduku kutoka stoo hadi chumbani kwake, chini ya kitanda. Kila alasiri aliandika kwenye kalenda iliyoning'inia nyuma ya mlango: umeganda, umekataa. Kalenda ilijaa maneno hayo mawili bila mpangilio wowote aliouelewa. Siku tatu nzuri, mbili mbaya. Siku sita nzuri. Halafu nne mbaya mfululizo, akalala na nguo za kutwa, kwa hasira ya kushindwa na maziwa. Asubuhi akaamka, akajikaza kisabuni, akawasha jiko.

Mama mkwe ndiye aliyekuja na kikombe. Kilikuwa kikombe cha chai, kimefunikwa kwa kisahani. Alikiweka mezani, akaketi, akasema neno moja. "Onja."

Mama Vikombe akaonja. Mtindi ulikuwa mgumu, mweupe, laini ulimini, na ulipokwisha kumezwa ulikuja ule uchachu mdogo nyuma ya ulimi, uchachu alioulea yeye kwa miaka miwili kutoka kibakuli hadi kibakuli. Aliujua kama mtu anavyojua kikohozi cha mumewe katikati ya umati.

"Hii ni mbegu yangu."

"Maliza kwanza."

"Mama, hii ni mbegu yangu! Ameniibia!"

"Kijiko," mama mkwe alisema. "Nasikia kilikuwa kijiko kimoja kimoja. Alikuwa anafunua sanduku aone unavyopanga, jambo lenyewe linachekesha, mtu mzima anajifunza kwa kuchungulia na kuandika kwenye kijidaftari. Nilimuuliza kwa nini hakukuomba. Akasema, kuku wangu mliwacheka, saluni yangu mliicheka, nikishindwa na hili mtacheka hadi lini?" Alinyanyuka akajifunga kanga vizuri. "Mimi nimekuletea mtindi tu. Kesi si yangu."

Mama Vikombe alibaki na hasira na kikombe kitupu. Mwizi amekiri, alijiambia. Nilikuwa sahihi. Alikiosha kikombe kwa nguvu kana kwamba kina kosa, na katikati ya kukiosha mkono ukapunguza kasi.

Mbegu ilikuwa ileile, na kama ndiyo iliyougua ingeugua kote. Ila kule kwa shangazi iliganda.

Alimkimbilia mama mkwe na sabuni mikononi, akamkuta kwenye kona ya barabara. "Mama! Ule mtindi, maziwa ananunua wapi?"

"Dukani. Ya pakiti. Shangazi yake hana imani na baiskeli."

"Na huwa unakataa? Umewahi kukataa?"

"Hata siku moja," alisema mama mkwe. "Mpaka anajivuna."

Kesho yake Mama Vikombe alimsubiri Bwana Povu barabarani.

"Maziwa yako yanatoka kwa nani?"

"Kwa ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

Bwana Povu alishika breki. Macho yake yalikuwa madogo kwa kawaida, sasa yakawa nyuzi. "Aa. Sasa nimekuelewa. Kijiti, radhi, maswali. Unataka kuniruka uende ukanunue kwao mwenyewe."

"Sitaki kukuruka. Nataka uniletee bila kuchanganya."

"Sina madumu mengi."

Bwana Povu aliyakataa madumu mawili aliyopewa na Mama Vikombe siku hiyo. Akayakataa siku ya pili. Siku ya tatu alisema mke wake amemshauri asikubali. Siku ya nne Mama Vikombe alimtoa mumewe nje akiwa bado na mswaki mdomoni, akaapa mbele yake kwamba hatanunua maziwa kwa mtu mwingine maadamu Bwana Povu anaendesha baiskeli. Siku ya tano Bwana Povu alisema, "Wewe mwanamke ni kupe," akayachukua madumu.

Ilikuwa hivi: maziwa yake yalitoka nyumba mbili. Moja ni ya mjane mwenye ng'ombe wanne. Nyingine ni ya mwalimu mstaafu mwenye ng'ombe mmoja wa kahawia. Mama Vikombe alitia alama kwa mkaa kwenye vifuniko, nukta moja kwa mjane, nukta mbili kwa mwalimu. Siku ya kwanza vyote viliganda. Siku ya pili vyote. Siku ya tatu na ya nne, vyote, na Bwana Povu akaanza kupiga mluzi anapoondoka. Siku ya tano mtindi wa nukta moja uliganda na wa nukta mbili ukawa maji. Siku ya sita hivyohivyo. Siku ya saba Mama Vikombe alibeba kikombe kimoja cha kila nukta, akapanda nyuma ya baiskeli ya Bwana Povu, wakaenda kwa mwalimu.

Mwalimu mstaafu aliwapokea langoni bila kulifungua. "Mmetumwa na nani?"

"Hatukutumwa, mwalimu. Tazama." Aliinamisha kikombe kimoja, kisha cha pili.

Mwalimu alitazama, akafungua lango kidogo, kisha lote. Ng'ombe wa kahawia alikuwa amesimama bandani, na robo moja ya kiwele chake ilikuwa imevimba, nyekundu. Huugua hapo mara kwa mara, mwalimu alieleza. Daktari wa mifugo humchoma sindano, anapona, halafu baada ya muda ugonjwa unarudi.

"Na daktari alisema nini kuhusu maziwa?"

Mwalimu alikuna kidevu. "Alisema nimwage kwa siku kadhaa baada ya sindano. Lakini ile robo mbovu siikamui. Hizi tatu maziwa yake ni meupe, hayana damu, hayana harufu. Nimwage?"

Walimpigia daktari hapohapo, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa. Daktari aliuliza maswali mawili, kisha akafoka mpaka ng'ombe akageuza masikio. Dawa ikiingia kwa ng'ombe inakwenda kote, alisema, haichagui robo. Na dawa inayoua vijidudu vya kiwele inaua na vya mtindi. Tena si mtindi tu, kuna watu wakinywa dawa hiyo bila kujua inawadhuru. Mwalimu alisikiliza akiwa amevua kofia. Bwana Povu aliushika usukani wa baiskeli akatazama gurudumu.

Njiani kurudi alisema, "Mimi nilidhani kuchuja kwa kitambaa kunatosha."

"Na mimi nilidhani mengi," alisema Mama Vikombe.

Zahanati walikubali kumpokea tena, baada ya muuguzi mkuu kusikia habari yote na kuuliza maswali zaidi ya daktari. Tangu hapo maziwa ya nyumba yoyote yalijaribiwa kwanza kwenye kikombe kimoja kabla ya sufuria nzima. Lakini biashara ilikuwa nusu tu ya kilichoharibika.

Alikwenda kwa shangazi, ng'ambo ya soko. Mara ya kwanza shangazi alimwambia wifi hayupo, na nyuma ya pazia viatu vya wifi vilionekana. Mara ya pili wifi alikuwa akianika nguo. Aliendelea kuanika huku Mama Vikombe akieleza habari za ng'ombe, sindano na nukta za mkaa, na nguo zilipokwisha aliingia ndani na beseni. Mara ya tatu alikuwa ameketi mlangoni na kile kijidaftari cha bluu.

"Umekuja kuhakikisha mbegu yako ni nzima?"

"Nimekuja kukuomba radhi, wifi."

"Hapa tuko wawili. Siku ile tulikuwa wangapi?"

Mama Vikombe alihesabu kimoyomoyo. "Watano."

"Basi," alisema wifi, akafunua ukurasa mwingine.

Jumamosi kibaraza kilijaa tena. Mama mkwe alikuwepo, mume alikuwepo, na mshona mapazia aliletwa karibu kwa kuvutwa mkono, akisema ana kazi ya mteja. Wifi alisimama kwenye ngazi, hakupanda. Mama Vikombe alisema alichokusudia kusema bila kukizungusha. Kwamba alimwita mwizi na mharibifu mbele ya mama yake, kwamba mharibifu alikuwa dawa ya ng'ombe, na kwamba alipoona uzi umekatika alifurahi, kwa sababu kumpata mtu wa kulaumu kulikuwa rahisi kuliko kutafuta. Hilo la mwisho hakuwa amepanga kulisema. Lilitoka lenyewe.

"Mimi nami," mume alisema, "nilitakiwa kusimama. Nilikaa."

Wifi alipanda ngazi moja. "Mbegu niliichukua kweli," alisema. "Kijiko kwa kijiko. Nilitakiwa kuomba."

"Ungeomba ningekupa."

Wifi alimtazama kwa jicho la pembeni. "Ungenipa?"

Mama Vikombe alifikiri. "Sijui," alisema. "Pengine ningekuuliza habari za kuku."

Aliyecheka kwanza alikuwa wifi mwenyewe.

Hakurudi kuishi pale, na hakuna aliyemshurutisha. Alibaki kwa shangazi na vikombe vyake, akachukua duka la shule ambalo Mama Vikombe alishindwa kulirudisha. Mwanzoni kila mmoja aliuonja mtindi wa mwenzake kwa siri kupitia mabinti, mpaka siku walipoona ni upuuzi, wakaketi meza moja na kumwekea mama mkwe vikombe viwili aseme upi ni bora. Mama mkwe alionja wa kwanza, akaonja wa pili, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akavimimina vyote viwili kwenye bakuli moja na kuomba sukari.